Upande wa Kulia: Matembezi ya Baiskeli Kutoka Nyarutarama

Jumapili ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, baadhi ya barabara kubwa za Kigali hufungwa kwa magari na kuachiwa watu. Jambo hili lilianza Mei 2016, likifanyika mara moja kwa mwezi, na tangu 2018 limekuwa likifanyika mara mbili. Siku hizo utamwona waziri akikimbia taratibu pembeni mwa mwanafunzi, bibi akinyoosha viungo katikati ya lami, mtoto akijifunza kuendesha baiskeli mahali ambapo jana yake asingethubutu kuweka mguu. Kwenye vituo vya mazoezi watu hupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Wapo wanaokwenda kwa ajili ya afya, na wapo wanaokwenda kwa sababu tu ni raha kuuona mji bila honi.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni miongoni mwa hao wa pili. Kwa muda sasa tumekuwa na kawaida ya kukutana na majirani zetu wa Nyarutarama, karibu na jengo la MTN, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa hatuna sare wala filimbi, kila mtu na baiskeli yake au ya kuazima. Kundi letu halina jina. Yumo mwalimu mstaafu, wamo dada wawili wenye duka la dawa, yumo kijana fundi wa baiskeli ambaye hukagua breki za wote kabla hatujaondoka, na wamo wengine wanaokuja na kupotea kulingana na usingizi wa Jumamosi. Jumapili tutakayoisimulia hapa tulikuwa tisa, na wa tisa alikuwa mgeni kutoka Mwanza, shemeji wa mmoja wetu. Kwa kuwa mwenyeji wake alimwita Shemeji, sote tulimwita hivyo, naye akakubali ushemeji wa kundi zima kwa moyo mkunjufu.

Tueleze kwanza matembezi yenyewe, maana wengi huyadhania kuwa mashindano. Mpanda baiskeli wa mashindano hutazama saa; sisi hutazama uso wa mwenzetu aliye nyuma kabisa. Mwendo wetu ni mwendo wa mazungumzo: ikiwa mtu hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, basi kundi zima linakwenda kasi mno. Kwenye tambarare hiyo ni kama kilomita 12 kwa saa, pengine pungufu. Kwenye mpando hatuna haya ya kushuka na kusukuma. Kigali iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni aliyezoea hewa ya chini hujikuta kifua kinambana kabla miguu haijachoka. Shemeji, ingawa Mwanza nako kuna vilima na miamba ya kutosha, alisema siku ile kwamba vilima vya kwao hukupa nafasi ya kupumua baina ya kimoja na kingine, lakini vya kwetu vimeshikana mikono.

Wala hakukosea. Mitaa ya Nyarutarama inajulikana sasa na watu ambao hawajawahi kufika Rwanda. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mzunguko wa mjini, wenye urefu wa kilomita 15.1, ulipita huku kwetu, ukapanda mpando uliopewa jina la Kigali Golf, mita 800 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1, kisha ukaenda kupanda barabara ya mawe ya Kimihurura. Wanaume walipokwenda kilomita 267.5, ni 30 tu waliomaliza, akitangulia Tadej Pogačar wa Slovenia. Tangu hapo hakuna mkazi wa mtaa huu anayesukuma baiskeli kwenye mpando ule bila mpita njia kumtania kwa jina la Pogačar. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 8. Kupanda huko humchosha mtu. Kushuka huko ndiko kunakomwumiza, na ndiyo sababu fundi wetu hashughulishwi sana na gia; yeye hutazama breki.

Asubuhi ile tuliondoka tukiwa mstari mmoja, tukashika barabara ya kuelekea Gishushu. Barabara hiyo ilikuwa wazi kwa magari, lakini saa hiyo ya Jumapili ni tulivu, na Shemeji alikuwa katikati ya kundi. Alifuata gurudumu lililo mbele yake. Tulipofika kwenye sehemu iliyofungwa, tukaingia katika ule umati, na mstari wetu ukavunjika kama inavyopasa. Tulizunguka mpaka Jumba la Mikutano la Kigali, tukasimama kutazama kuba lake, tukateremka, tukapanda tena. Kwa muda wa saa tatu hapakuwa na upande wa kulia wala wa kushoto. Watoto walikwenda mshazari. Wakimbiaji walikuja mbele yetu na kupita katikati yetu. Shemeji alicheka kama mtoto, akasema hajawahi kuliona jiji likimwachia mtu barabara namna ile.

Saa nne ilipofika, vizuizi viliondolewa na magari yakaanza kurudi. Tukarejea kuelekea nyumbani. Njiani tuliona kibanda kinachouza maji, kikiwa upande wa kushoto wa barabara. Tukashuka, tukavuka kwa miguu, tukanywa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi hivi. Shemeji alimaliza chupa yake kwanza, akasema anatangulia polepole tumkute mbele. Akapanda baiskeli, akaondoka akifuata ukingo uleule wa barabara tuliokuwa tumesimama, yaani ukingo ukiwa upande wa mkono wake wa kushoto. Tulimwona akiondoka. Tunataka msomaji alijue jambo hili vizuri: tulikuwa wanane, baadhi yetu kazi yetu ya kila siku ni kuwaeleza watu sheria za barabarani, sote tulimtazama, na hakuna aliyeona kosa. Macho yetu yalikuwa yameshinda saa tatu yakiona watu wakienda kila upande, nayo yakazoea.

Mbele kulikuwa na kona. Kutoka kwenye kona hiyo ikaja moto, ikiwa na abiria, mama mmoja aliyekuwa akienda ibadani. Dereva wa moto alikuwa upande wake halali. Alipomwona Shemeji amemkabili, alifanya kila dereva wa Rwanda angefanya: alikwepa kuelekea ukingoni, kulia kwake. Naye Shemeji alifanya kila mpanda baiskeli wa Tanzania angefanya: alikwepa kuelekea ukingoni, kushoto kwake. Kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwingine kulikuwa mahali pamoja. Wote wawili walikimbilia usalama, na usalama huo ukawa mita mbili zilezile za lami karibu na mtaro.

Katika nukta hiyo ya mwisho Shemeji alibana breki kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zake zote. Kwenye baiskeli yake ya Mwanza, mkono wa kushoto hushika gurudumu la nyuma. Kwenye baiskeli aliyoazimwa Nyarutarama, mkono wa kushoto ulishika la mbele. Gurudumu la mbele likasimama, yeye hakusimama. Alipita juu ya usukani akaangukia ukingoni mwa mtaro. Moto ikasimama pungufu ya mita moja kutoka kichwani mwake. Alikuwa na helmeti, nayo ilikwaruzika mahali ambapo paji la uso lingekwaruzika. Alichubuka kiwiko na goti, kifundo cha mkono kikavimba, na rimu ya mbele ikapinda. Mama yule alishuka kwenye moto akakaa chini, miguu ikimtetemeka, akiomba maji. Tulikuwa nayo maji.

Dereva wa moto hakumfokea. Alimsaidia kuinuka, akamtazama, akamwuliza kwa Kiswahili, "Umetoka Tanzania au Uganda, mzee?" Shemeji akajibu kwamba ametoka Mwanza. "Nilijua," akasema yule kijana. "Wageni wa huko hugeuka hivyo wakitoka kusimama. Wakiwa wanatembea hawakosei. Wakisimama, ndipo hukosea."

Tumeyatafakari sana maneno hayo. Kijana yule, kwa kuendesha tu, alikuwa amegundua jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliweka katika hata kipeperushi kimoja cha Kiswahili. Nasi tunaandikia Kiswahili! Lugha hii imekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2017, na wasomaji wetu wengi ni watu wa kwetu waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda, au ni wageni, wanafunzi na wafanyabiashara kutoka huko. Nchi hizo tatu huendesha kushoto, urithi wa utawala wa Waingereza. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, urithi wa Wabelgiji. Dereva wa lori anayevuka mpaka wa Rusumo au Gatuna hubadilisha upande, na mabadiliko yenyewe humwamsha: kuna mpaka, kuna alama, kuna askari. Anayekuja kwa basi au kwa ndege hakutani na kitu cha kumwamsha. Huletwa hadi mlangoni akiwa amelala, na baada ya siku mbili ataazimwa baiskeli.

Baiskeli ndiyo chombo kisicho na msaada wowote katika jambo hili. Gari hukukumbusha. Gari la Rwanda lina usukani kushoto, kwa hiyo dereva hukaa karibu na mstari wa kati; akiingia upande usio wake atajikuta amekaa ukingoni, karibu na mtaro, na mwili wake utamwambia kuna kitu kimekwenda kombo. Baiskeli haina upande. Ile ya Mwanza na ile ya Kigali humweka mtu katikati, na ukiipeleka kushoto itakwenda kushoto kwa utulivu uleule.

Isipokuwa breki, ambazo ndizo zina upande, na hilo huzidisha hatari. Katika nchi zenye desturi ya Kiingereza, breki ya mbele kwa kawaida hubanwa kwa mkono wa kulia. Katika Ulaya bara na Marekani hubanwa kwa mkono wa kushoto. Sababu inayotolewa ni ya busara: anayeendesha kushoto, akitaka kukata kona ya kuvuka barabara, huonyesha ishara kwa mkono wa kulia, na mkono unaobaki kwenye usukani hubana breki ya nyuma, iliyo na upole zaidi. Kwa anayeendesha kulia mambo hugeuka. Hapa Kigali baiskeli zimetoka kila pembe ya dunia, na katika kundi letu la watu tisa tulikuta za aina zote mbili. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa unapopunguza mwendo uzito wako husogea mbele na kuligandamiza gurudumu hilo. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ukiibana ghafla peke yake, hasa kwenye mteremko, itakurusha. Njia salama ni kubana zote mbili pamoja, polepole kwanza kisha kwa nguvu zaidi, huku ukirudisha makalio nyuma ya kiti. Na baiskeli ya kuazima ijaribiwe ikiwa imesimama: isukume kwa mkono, bana breki moja, tazama ni gurudumu gani limekataa kuzunguka. Kazi hiyo haimalizi hata nusu dakika.

Lugha nayo ina sehemu yake katika mkasa huu. Mtanzania huuita mzunguko wa barabara "kipilefti." Neno hilo limetokana na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakiwekwa kwenye mizunguko hiyo, yakimwamuru dereva ashike kushoto. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na neno hilo hubeba amri ndani yake, naye hajui kwamba ni amri. Katika kipilefti cha Mwanza magari huzunguka jinsi mishale ya saa inavyozunguka. Katika mzunguko wa Kigali huzunguka kinyume chake. Rafiki yetu mwalimu mstaafu, ambaye hakosi utani, alipendekeza tuwaambie wageni kwamba Kigali hatuna vipilefti, tuna vipiraiti.

Wapo waendesha baiskeli, hata wenyeji, wanaokwenda upande usio wao kwa makusudi. Hutuambia kwamba ni afadhali kukabili magari ili uyaone yanapokuja, kuliko kufuatwa mgongoni na usichokiona. Hoja hiyo ina sura ya akili, kwa hiyo tuijibu kwa hesabu. Chukua baiskeli inayoteremka kwa kilomita 25 kwa saa na moto inayokwenda kilomita 40 kwa saa. Zikikabiliana, kasi zao hujumlishwa: zinakaribiana kwa kilomita 65 kwa saa, yaani mita 18 kila sekunde. Ikiwa kona inawaruhusu kuonana umbali wa mita 40, wana sekunde mbili na kidogo. Katika muda huo kila mmoja anapaswa kumwona mwenzake, kutambua kwamba kuna kosa, kuamua na kutenda. Zikienda upande mmoja, kasi hutolewa: moto inaikaribia baiskeli kwa kilomita 15 tu kwa saa, mita nne kwa sekunde, na mita 40 zilezile humpa dereva wa moto karibu sekunde kumi. Atapunguza mwendo, au atapita pembeni, pengine bila wewe kujua. Kwa mtembea kwa miguu hesabu ni nyingine, kwa maana mwendo wake ni mdogo na anaweza kuruka nje ya barabara kwa hatua moja. Yeye, pasipo na njia ya miguu, ni vyema akabili magari. Mwenye baiskeli hawezi kuruka.

Tena, mwenye kuja upande usio wake huja kutoka mahali ambapo hakuna anayemtarajia. Dereva anayetoka kwenye lango la nyumba mjini Kigali hutazama kushoto kwanza, kwa kuwa gari la kwanza kumfikia hutoka huko. Baiskeli inayomjia kutoka kulia, ikiwa imebana ukingo, humfikia kabla hajageuza shingo. Mtembea kwa miguu naye hufanya vivyo hivyo anapovuka, na mgeni wa kutoka Tanzania hufanya kinyume: hutazama kulia kwanza, huona pako wazi, huingia barabarani.

Historia inatufundisha kitu cha ajabu kuhusu mazoea haya. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi ya Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa siku moja. Wengi walitazamia maafa. Ajali zilipungua. Kila mtu alikuwa akiendesha kwa hofu na macho wazi. Baada ya muda watu walizoea, na ajali zikarudi zilikokuwa. Nigeria nayo ilihamia kulia mwaka 1972, Ghana mwaka 1974. Kwa hiyo kubadilisha upande kunawezekana, na mwenye kujua kwamba yuko ugenini hujilinda. Mgeni wa siku ya kwanza si mtu wa kumhofia sana. Wa kumhofia ni yule wa siku ya nne, aliyekwisha kustarehe, na hasa aliyetoka kustarehe mahali pasipo na upande, kama barabara iliyofungwa.

Kijana wa moto alisema kosa huja mtu anapotoka kusimama. Tukijumlisha maneno yake na tuliyoyaona wenyewe tangu hapo, tunaweza kuzitaja nyakati zenyewe: kutoka langoni asubuhi barabara ikiwa tupu, kuondoka dukani au kibandani, hasa kilicho upande wa pili, kukata kona na kuingia barabara isiyo na gari lolote la kufuata, kuingia katika mzunguko, na kukwepa ghafla. Nyakati zote hizo hakuna kitu mbele yako cha kuiga. Palipo na gari mbele, hata mgeni kabisa hufuata. Kwa hiyo barabara iliyo tupu, ile tunayoipenda zaidi kwa matembezi, ndiyo inayomdanganya mgeni.

Tumebadilisha mambo machache katika kundi letu. Tukiwa na mgeni kutoka nchi ya kushoto, mwenyeji mmoja huwa mbele yake na mwingine nyuma yake, si kwa sababu hajui kuendesha. Hakuna anayetangulia kutoka kwenye mapumziko. Tukitaka kusimama, tunasimama upande wa kulia, hata kama kibanda chenye maji baridi zaidi kiko ng'ambo. Anayetaka maji hayo huvuka kwa miguu na kuiacha baiskeli yake upande wake. Anayetaka kukata kona kwenda kushoto penye magari mengi hushuka, akavuka kwenye alama za waenda kwa miguu. Na saa tatu na dakika hamsini mmoja wetu hupiga kengele ya baiskeli mara tatu, nasi hurudi kwenye mstari mmoja upande wa kulia, ingawa vizuizi bado havijaondolewa na watoto bado wanakwenda mshazari. Wengine hutucheka. Zile dakika kumi ni za kuyarudisha macho kazini. Wenzetu waliobuni kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, yenye maana ya kufika salama, walikazia kwamba usalama ni wa kila anayetumia njia; tunakiri kwamba sisi tulikuwa tumeufikiria kama wa magari.

Iwapo mtu ataanguka, mwanzo ni kuizuia hatari ya pili: simamisha magari kwa mbali kabla ya kumkimbilia. Usimwinue anayelalamika shingo au mgongo, na usimvue helmeti kwa nguvu. Namba ya ajali za barabarani ni 113, ya dharura ya polisi ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 912. Mtu aliyepigwa kichwa akasema yu mzima, asiachwe peke yake siku hiyo. Akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida au kusahau yaliyotokea, apelekwe hospitali mara moja. Shemeji alikaa nasi mpaka jioni, akilalamika kwamba tunamtazama kama yai.

Dereva wa moto hakutaka kulipwa chochote zaidi ya nauli ya mama yule, ambaye alifika ibadani akiwa amechelewa. Fundi wetu aliinyoosha rimu kwa siku mbili, akaifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kulia wa usukani, ili Shemeji akitazama chini aone ukingo wa barabara unapaswa kuwa wapi. Aliendesha nacho Jumapili iliyofuata bila kukosea, hata alipotoka kununua mahindi ya kuchoma.

Alipoondoka alikiomba kitambaa kile. Baada ya wiki moja alitutumia ujumbe kutoka Mwanza: asubuhi ya kwanza nyumbani alitoka langoni mwake, barabara ikiwa tupu, akashika kulia, akaenda hivyo mpaka jirani alipompigia kelele. Kitambaa sasa amekifunga kwenye mshikio wa kushoto.